Mwali wa Kichocho

Kama shuleni kwenu kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa waya, na asubuhi ulitoka nyumbani na ufagio wa chelewa mkono huu na kidumu cha maji mkono ule, basi sogea karibu, wewe ni wa rika langu. Hawa wa leo wanaofuatwa na basi la njano hadi mlangoni waache walale. Hawatatuelewa.

Mimi nililelewa na Bibi, mama yake mama, pale Mlali chini ya milima. Mama alikuwa Morogoro mjini, Mwembesongo, akiuza nyanya na kabichi tulizomtumia kutoka shambani. Baba simkumbuki. Nyumbani tulikuwa Bibi, mimi, na harufu ya magimbi yanayochemka tangu alfajiri, na nikikumbuka harufu ile hata sasa njaa inaniuma.

Utoto wetu ulipita majini. Palikuwa na mfereji ulioteremka kutoka mlimani kumwagilia bustani, na ulipofika kwenye kona ya mafunjo ulipanuka ukawa kama bwawa. Huko juu maji yalikuwa baridi ya kukata meno, lakini pale konani jua liliyapasha moto, na pale ndipo tulipokimbilia tukitoka shule. Tulipiga mbizi, tukafua sare, tukachota ya kunywa, yote humo humo. Kwenye majani kulikuwa na konokono wadogo weusi. Tuliwaokota tukawashindanisha mbio juu ya jiwe, na wallahi mbio za konokono ukizisubiri mpaka mwisho unachelewa kula. Bibi alipiga kelele kutoka bustanini, "Tokeni majini, mtaota magamba!" Tulicheka, tukazama tena.

Kuna jambo lingine lililotuchekesha. Wavulana wakubwa walikuwa na tabia ya kwenda nyuma ya vyoo vya shule kushindana, na yule ambaye mkojo wake ulitoka mwekundu alishangiliwa, "Huyo sasa mwanaume!" Kwao ile ilikuwa dalili ya kubalehe. Walikunja nyuso kwa maumivu huku wanacheka, na ambaye wake ulikuwa bado mweupe aliona haya. Sisi wasichana tulizipata habari hizo tukaziba midomo kwa viganja. Hatukuuliza. Enzi zetu kuuliza habari za huko chini ilikuwa sawa na kutukana.

Mimi nilianza kuona damu nikiwa darasa la saba, zimebaki wiki tano tufanye mtihani. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa amekwisha kuniambia mbele ya darasa zima, "Siwema, wewe usipofaulu nitaacha kazi." Kijijini kwetu waliokwenda sekondari walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mimi nilitaka kuwa kidole kimojawapo kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani. Basi asubuhi moja nimechuchumaa chooni, tumbo la chini linawaka kama limepakwa pilipili, natazama chini naona wekundu. Niliwaza nimelogwa. Niliwaza nakufa. Nikavuta sketi, nikaenda shule.

Wiki nzima sikumwambia mtu. Bibi alikuwa na msemo wake wa kila siku, "Mficha maradhi kifo humuumbua," lakini msemo ule tuliutumia kwa kichwa na jino. Kwa huko chini nani angethubutu? Nguo niliyochafua niliifua kwa siri, na nilikwenda kuifulia wapi? Mfereji ule ule.

Bibi aliligundua doa kwenye shuka. Nilimwona amelishika, ananitazama, nikajua leo nakula fimbo. Badala yake akapiga vigelegele, jirani wakatoka. "Mjukuu wangu kavunja ungo! Nimepata mwali!" Alinikumbatia analia kwa furaha, na mimi nikalia naye, kwa hofu tu, kwa sababu nilijua mwali anapelekwa wapi.

Kwa wasiojua: kwetu Waluguru msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Haonekani na wanaume, hapandishi sauti, hainui macho, anafundwa na somo wake mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Zamani ilikuwa miezi, hata mwaka. Siku zetu ilikuwa imefupishwa, wengi walisubiri likizo, lakini Bibi alikuwa mtu wa zamani. Nilipomwambia habari za mtihani alinijibu, "Mila haisubiri kengele." Akapelekewa taarifa Mjomba Saidi, kaka yake mama, maana kwetu mtoto ni wa mjomba na kauli ni yake. Mjomba alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Akajibu kwamba mama yake akishasema, amesema. Ngoma ikapangwa baada ya mavuno ya mahindi ya vuli, na hapo mtihani ungekuwa umekwisha kupita.

Mwaka mmoja kabla yangu aliwekwa ndani Havijawa, rafiki yangu, aliyekuwa darasa la mbele. Alipotolewa hakurudi tena shuleni. Alikwenda Kisaki kuolewa. Ndiyo maana nilipofungiwa kile chumba sikuogopa giza wala panya. Niliogopa kutoka.

Chumba kilikuwa na dirisha dogo lililozibwa kwa gunia. Nilijifunza kusikiliza. Rimu ikilia mara ya kwanza, najua wenzangu wanafagia. Ikilia ya pili, wako darasani. Nilikuwa nikikokotoa hesabu kwa kidole kwenye vumbi la sakafu, nikisikia hatua za Bibi nafuta. Bi Tatu, jirani mtu mzima aliyekuwa somo wangu, aliniambia damu ya mwali hukaa siku nne, tano, ikizidi sana saba, kisha inakwenda zake hadi mwezi mwingine. Nikahesabu. Ya saba ikafika. Ya tisa. Ya kumi na mbili. Kila nikijisaidia ni ile ile, na maumivu ni yale yale.

Sasa hofu ikahamia kwa wakubwa. Vigelegele viliisha. Bibi aliacha kuimba jikoni. Niliwasikia yeye na Bi Tatu wakinong'ona mlangoni, "Hapa kuna mkono wa mtu," na Bi Tatu akataja mganga wa huko juu milimani, anayechanja chale na kumfukiza mtu moshi mpaka azimie. Mwili umenilegea, nikisimama naona vimulimuli, na huku siku za mtihani zinakatika moja moja, nazisikia zikigongwa kwenye chuma.

Siku ya kumi na sita Mjomba aliitwa atoe ruhusa ya safari ya mlimani. Alisimama nje ya mlango wangu, na Bibi akamweleza: damu haikomi, mtoto anakwisha. Mjomba akauliza taratibu, "Basi tuondoke kesho?" Na mimi, jamani, sijui nguvu nilizitoa wapi. Mwali hasemi na mwanamume. Nilisema, tena kwa sauti.

"Mjomba, shikamoo. Wavulana wa shuleni kwetu nao wanakojoa damu. Na wao wamevunja ungo?"

Bibi akamaka, "Astaghfirullah! Mtoto kaharibikiwa!" Akaanza kufungua kitasa aje anitie adabu.

"Mama, ngoja," Mjomba akasema. "Siwema, hiyo damu inatoka na mkojo? Mwishoni, na inachoma?"

"Ndiyo, Mjomba."

Akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu mzima anayemwambia mama yake jambo ambalo hajawahi kumwambia. "Mama, na mimi niliikojoa hiyo, nikiwa kama huyu. Karibu miaka miwili. Niliona haya kukuambia. Nilikwenda kutibiwa nikiwa mjini kwenye ufundi. Inaitwa kichocho."

"Kichocho ni cha nani? Nani kamtupia?"

"Cha maji, Mama. Cha ule mfereji."

Bibi aliketi chini pale pale mlangoni. Baadaye alinisimulia kwamba kilichomkalisha si ugonjwa wangu, ni ile miaka miwili ya mwanawe, ambayo alikuwa akimfokea kwa uvivu wa kulima.

Kesho yake Mjomba alinibeba kwenye keria ya baiskeli, nimejifunika kanga mbili kichwani kwa kuwa Bibi alishikilia kwamba mwali ni mwali hata akienda zahanati. Nesi aliniuliza swali moja tu, "Unaogea wapi?" Nikajibu. Akanisimamisha kwenye ubao wenye mistari, akapima urefu, na kwa urefu huo akanihesabia vidonge vikubwa vyenye uchungu wa shubiri. Alituambia nile kwanza. Sikula kitu, roho ilikuwa juu. Nilimeza hivyo hivyo, na njiani nikatapika hadi nikadhani nimekufa kweli. Mjomba akanirudisha zahanati, nikalishwa uji, nikameza upya.

Bibi akabaki na tatizo lake. Vigelegele ukishavipiga unavirudishaje? Mila haina sherehe ya kumtoa mwali ambaye hakuwa mwali. Aliwaambia jirani, "Ngoma imeahirishwa," wakimuuliza sababu anaanza kufukuza kuku. Damu ikaanza kupungua, nami nikarudi darasani zimebaki siku tisa. Mwalimu wa hesabu aliniona mlangoni akageukia ubaoni, akakaa hivyo muda mrefu bila kuandika kitu. Nilifanya mtihani. Nilifaulu.

Havijawa nilionana naye miaka mingi baadaye, sokoni mjini. Nilimuuliza kwa kuzunguka, damu ile ya kwanza ilikuwaje. Akacheka, "Ile? Shoga, haikukoma vizuri hata siku moja." Hana mtoto. Sikumwambia ninachokijua sasa, kwamba kichocho kisichotibiwa huweza kula kizazi. Ningemwambia ili iweje sasa?

Sasa nina binti, Rehema, miaka kumi na miwili. Mwezi uliopita tumekaa mezani, baba yake ana tonge mkononi, mtoto anasema bila hata kuinua macho kwenye simu, "Mama, nimeanza hedhi. Pedi unaweka wapi?" Baba yake alipaliwa na ugali. Enzi zetu! Mimi nilipaswa kucheka na kumbusu, lakini nilisukuma sahani pembeni, kwa kuwa likizo iliyopita alikuwa Mlali kwa Mjomba na alirudi amejifunza kupiga mbizi. Nikamuuliza, inachoma? Inatoka na mkojo? Akanitazama kama mshamba. "Mama, tumefundishwa hayo yote. Kichocho ni kichocho, hedhi ni hedhi. Na dawa tunameza shuleni." Nilihesabu siku kimoyomoyo, silali. Ya tano akasema imekwisha, akaenda kuangalia katuni.

Jioni hiyo nilimpigia Mjomba. Nikamwambia Rehema haji tena likizo, labda nije naye mwenyewe, na majini haingii. Mjomba sasa ni mzee, sauti imepungua, akasema sawa, mwanangu, mtoto ni wako. Kisha akasema, "Wako umemzuia. Na hawa wa huku?" Akaisogeza simu upande wa bustani. Niliwasikia. Walikuwa wengi, wanapiga mbizi, wanacheka, mmoja anahesabu moja, mbili, tatu. Ilikuwa sauti tamu kuliko zote ninazozijua, na niliogopa mpaka nikakata simu.