Isale Juu ya Kibodi

Hili nitakalokueleza lilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Usipoamini, shauri yako. Nimechoka kubishana. Hata mke wangu nikianza tu hunikatiza: "Haya, umeanza tena."

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mwenye kamera anafungua studio na kompyuta za mtumba zimejaa Arusha. Nilikuwa fundi kwenye studio moja pale Sekei. Tulirekodi harusi, sendofu za kuwaaga mabibi harusi, na kipaimara. Kanda zilikuwa ghali, kwa hiyo picha zikishaingia kwenye kompyuta, kanda ileile ilirudi kazini na kurekodiwa juu yake. Maana yake diski ikifutika, huna pa kukimbilia.

Asubuhi moja alikuja Anaeli, dada wa Kimeru ambaye mwenzangu alimrekodia sendofu. Amevaa nyeusi. Walikuwa wamemzika mama yake juma lililopita, kabla hatujamkabidhi kazi yake.

"Kaka, picha za mama ninazo," akaniambia. "Ninachotaka ni sauti. Alinibariki siku ile mbele za watu. Sauti yake sina pengine popote."

Nikamwahidi kesho. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Ili niiandae kazi yake nilihitaji nafasi. Ukiacha diski ya kuwashia mashine, kulikuwa na diski mbili zilizofanana kama mayai. Ya kazi za wateja mashine iliiita hdb. Ile kuukuu, isiyo na kitu cha maana, iliiita hdc, na hiyo ndiyo niliyotaka kuifuta. Sasa, jana yake nilikuwa nimebadilisha mfumo wa mashine, na mfumo mpya ukaja na draiva zake, yaani zile programu zinazoongea na diski. Majina yakageuka. Badala ya hdb na hdc nikakuta sdb na sdc. Nikajisemea, kumbe kilichobadilika ni herufi ya kwanza tu. Juma zima nilikuwa sijalala vizuri, macho yanawaka, nataka nimalize niende nyumbani. Nikaandika amri ya kufuta sdc. Ikabaki kubonyeza tu.

Hapo akaingia mama mmoja mtu mzima. Nje mvua ya Meru inamwagika, lakini kanga yake ilikuwa kavu. Mungu ni shahidi yangu, kavu kabisa.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Akaja hadi mezani, akalaza jani la isale juu ya kibodi.

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Isale ni jani la kuombea msamaha. Ukiletewa, hulisukumi kando ukaendelea na shughuli zako, hata kama aliyekuletea alikuchomea nyumba. Unaacha kila kitu, unamsikiliza. Mimi ni Mchaga wa Marangu, nimelelewa hivyo. Mtu wa kwingine angelipangusa kama takataka, akabonyeza.

"Mama, kwani umenikosea nini?" nikamuuliza.

"Usinifukuze, mwanangu."

Basi, hayo tu. Nikageuka nimvutie kiti. Kutazama tena, hayupo. Nikatoka mbio hadi barazani, nikamuuliza fundi cherehani anayekaa mlangoni kwetu yule mama amepita wapi.

"Mama gani?" akasema. "Hapa hajapita mtu tangu mvua ianze."

Nilirudi ndani. Jani lilikuwa palepale. Nikaliinua kwa mikono miwili, nikaliweka pembeni, nikaifuta ile amri. Kisha nikafungua sdc, angalau nione kilichomo. Ndugu yangu, kazi zote za wateja zilikuwa humo! Draiva mpya ilizihesabu diski kwa mpangilio wake yenyewe, hizo mbili zikabadilishana nafasi, na mimi sina habari. Nikaitafuta sendofu ya Anaeli, nikaicheza. Aliyesimama pale, mkono juu ya kichwa cha binti yake, na kanga ileile, alikuwa yule mama. Niliogopa, sikufichi. Nilikaa palepale hadi mvua ikakatika.

Anaeli alipokuja kesho yake nilimweleza yote. Nilidhani atanicheka, au atakasirika. Akaniuliza jambo moja tu.

"Alikuwa anakohoa?"

Nikakumbuka vizuri. "Hapana, dada. Hakukohoa hata kidogo."

Akakaa chini pale pale sakafuni, akalia. Miezi yake ya mwisho, akaniambia, mama hakuweza kusema maneno mawili bila kikohozi kumkatiza.

Miaka imepita. Mpaka leo siwezi kufuta diski kabla sijaifungua nikaangalia nani yumo. Kazi ya dakika chache inanimalizia nusu siku, vijana wananicheka, mgongo unauma, lakini siachi. Nawe mwenye mashine, nakusihi, usiliamini jina. Fungua ndani kwanza. Mimi nililetewa mtu wa kunizuia. Wewe huenda usiletewe.