Sala ya Kunong'ona

Bibi yangu alizoea kusali kwa kunong'ona. Alinilea kijijini, upande wa Kharumwa, na tangu utotoni ndivyo nilivyomjua: akichochea moto wa mabua ya pamba, akipukuchua mahindi, akienda kisimani, midomo yake ilikuwa inachezacheza tu. Ukimuuliza anaongea na nani, anakujibu, "Na mwenye nyumba." Watoto wa majirani wakishikwa na homa, mama zao walimletea awaombee. Aliweka kiganja utosini, akafumba macho, akanong'ona kidogo, kisha akasema kwa sauti kavu, "Haya, sasa mkimbize zahanati. Mungu hakutuletea manesi ili sisi tukae nyumbani."

Mwaka juzi nilikuwa Shinyanga mjini, nashona sare za shule kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja. Asubuhi simu ikaita. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala kijijini, mama mmoja mkulima wa mpunga, rafiki wa bibi wa siku nyingi. Hakunisalimu.

"Njoo umchukue bibi yako."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Wewe njoo."

Nilimbana mpaka akaeleza. Mtoto wa jirani, mvulana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, alikuwa amefariki kwa degedege na kuzikwa. Siku ile ya ugonjwa, watu walimwona mikononi mwa bibi. Bibi alimwekea kiganja utosini, akanong'ona. Kabla jua halijazama, mtoto akakata roho.

"Sasa watu wanauliza alinong'ona nini," alisema. "Na macho yake unayajua."

Niliyajua. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umeyafanya mekundu kabisa, na sisi tuliozaliwa Usukumani hatuhitaji kuelezwa kwamba kikongwe mwenye macho mekundu huitwa mchawi, wala anachoweza kufanywa kijiji kikianza kuuliza maswali ya namna ile. Niliziacha sare na pini zake mezani. Mwenye duka alinitazama usoni tu, hakutaka maelezo. "Nenda, mama, nenda," akasema.

Nilifika alasiri. Dereva wa bodaboda alinishusha mbali na nyumbani, akasema njia ni mbaya. Njia ilikuwa kavu kama sakafu. Nilipita kisimani nikawasalimu kina mama, "Mwadila, bamayu." Mmoja aliitikia chinichini. Wengine waliinamia ndoo zao.

Nilimkuta bibi anachambua maharage kizingitini. Mlango nyuma yake ulikuwa na alama mpya za panga, mbao zimetoboka hadi ndani. Nilisahau hata shikamoo.

"Bibi, funga mzigo. Tunaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Kwangu, Shinyanga."

"Nikiondoka leo nitakuwa nimekiri."

"Basi acha kunong'ona. Sali moyoni, mdomo uufunge. Watu wanakutazama."

Aliendelea kutupa maharage mabovu pembeni. Halafu akasema, "Hapo umesema kweli. Nimewatia watu mashaka. Kuanzia leo nitasali kwa sauti."

Jioni hiyo ilikuwa zamu ya bibi kupokea jumuiya. Alitandika mikeka uani, akaweka kijimeza chenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa, kama kwamba kila kitu kiko sawa. Hakuna aliyekuja. Watu walipita njiani na majembe mabegani, wakikaza mwendo walipofika usawa wetu. Bibi alisubiri kidogo, akapiga ishara ya msalaba, akaanza rozari.

Sikuwa nimewahi kuisikia sauti ile. Ilikwaruza, ikapanda, ikavuka ua wa minyaa na kwenda hadi barabarani. Mimi niliitikia peke yangu, macho yangu yakiwa njiani. Tulikuwa bado kwenye fungu la kwanza pikipiki ilipokuja ikasimama nje ya ua. Wanaume wawili walikuwa juu yake. Hawakushuka, hawakuzima injini. Walikaa wanatusikiliza.

Nilikuwa nasema Salamu Maria huku nahesabu mlango uko umbali gani, na kama mlango uliokwisha kukatwa vile unaweza kumzuia mtu. Hiyo haikuwa sala. Ilikuwa hofu iliyovaa maneno ya sala. Lakini bibi alikuwa anasali kweli. Alipofika kwenye maombi, alimwombea marehemu mtoto, akamwombea mama yake, akamwombea baba yake, kila mmoja kwa jina, kwa sauti ileile. Injini ikazimwa. Kimya kilichofuata kilinitisha kuliko mngurumo.

Ndipo niliposikia nyayo kwa nyuma, upande wa shamba. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, miguu imejaa tope la majaruba ya mpunga. Alikaa mkekani karibu na bibi mpaka mabega yao yakagusana, akatoa rozari yake.

"Endelea, bibi," alisema. "Nitaitikia mimi."

Wale wanaume walikaa kidogo tena, wakawasha pikipiki, wakaondoka.

Kesho yake asubuhi bibi alivaa gauni lake la kanisani. "Nakwenda msibani," alisema. "Sijampa pole yule mama."

Nilimshika mkono. Nilimwambia watamuua mchana kweupe. Nilimwambia Mungu hamtumi mtu kujipeleka machinjioni. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, akajibu, "Nimemwombea usiku kucha nikiwa mbali naye. Sala ya namna hiyo haijakamilika." Akatangulia. Mimi na mwenyekiti, aliyelala kwetu usiku ule, tukamfuata, kwa sababu tungefanya nini kingine?

Chini ya turubai walikaa wanaume, wengi wao wachimbaji waliokuja na baba wa mtoto kutoka machimboni upande wa Geita. Tulipoingia uani mazungumzo yalikatika. Baba wa mtoto alisimama. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana, macho yamevimba kwa kutolala. Kando yake kulikuwa na gogo la kuni, na panga limechomekwa juu yake.

"Hapo hapo," alisema. "Usisogee."

Bibi alisimama, kisha taratibu akapiga magoti vumbini.

"Ulimwambia nini mwanangu?"

"Sikusema na mtoto. Nilisema na Mungu."

"Ulisema nini?"

"Nitakuambia yote."

Akafumba macho, akaisali upya sala ile kwa Kisukuma, neno kwa neno, kila mtu akisikia. Baba, huyu ni wako kabla hajawa wetu. Mwili unamchoma, mpoze. Mama yake anaogopa, mshike mkono. Baba yake yuko chini ya ardhi, mrudishe juu salama. Akasema amina, akafumbua macho. "Ni hayo tu," alisema.

Yule kijana alikuwa ameshtuka. Nadhani hakutegemea kujikuta ndani ya sala ile. Lakini mwenzake mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Maneno hubadilishwa. Nani alikuwepo?" Wengine wakaguna kukubali, na mmoja akainuka. Nilimsogelea bibi nikasimama mbele yake.

"Mimi nilikuwepo."

Sauti ilitoka mlangoni. Mama wa mtoto alikuwa amesimama peku, khanga amejifunga kiunoni, uso umesinyaa.

"Mimi ndiye niliyempelekea mtoto," alimwambia mume wake. "Hakumfuata. Aliomba maneno hayohayo, akaniambia nikimbie zahanati. Nikakupigia simu utume pikipiki. Hukupatikana. Nikapiga tena, nikapiga tena. Nikawa nasubiri, mtoto akanifia mgongoni."

Mume wake alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Wakati simu ile inapigwa, yeye alikuwa ndani ya duara, lile shimo refu la wachimbaji, ambako mtandao haufiki.

"Kwa nini ulinyamaza siku zote hizi?"

"Ulikuwa unatafuta wa kumlaumu," alijibu. "Niliogopa utanipata mimi."

Yule mume alikaa chini ghafla, mikono kichwani. Aliyeinuka naye akarudi kukaa. Mama yule akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Akanywa funda moja mbele ya watu wote, akampa bibi yaliyobaki. Bibi akayanywa yote.

Kisha bibi akaanzisha Baba Yetu. Mwenyekiti akapokea, mama wa mtoto akapokea, na chini ya turubai sauti moja moja zikaanza kujiunga. Baba wa mtoto naye midomo ilikuwa inamtikisika. Tulipofika penye kusamehe, akakatiza, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemfuata. Tukamaliza bila yeye.

Juma lile watu walirudi mikekani, wawili, kisha watano, kisha ua ukajaa. Wengine waliletwa na aibu, nami sikuwa na upole wa kutosha wa kuwachekea. Nilikaa mpaka mpunga ukavunwa. Fundi alibadilisha mbao za mlango. Baba wa mtoto alirudi machimboni bila kutuaga, na mpaka leo sijasikia kwamba amekanyaga kanisani. Mke wake huja kwa bibi siku za jumuiya, hukaa karibu na ukuta, huitikia.

Kabla sijarudi Shinyanga nilimuuliza bibi swali lililokuwa limenikaa kooni. Kwa nini Mungu alimsikia alipoombea watu wazima, baba yule akatoka shimoni salama, na mtoto hakupozwa?

"Sijui," alisema. "Namuuliza kila siku."

"Anakujibu?"

"Bado."

Akainuka kwenda kuwapa kuku chakula.