Raki Aliyoiacha Sylvanus

Marsiana na mumewe Sylvanus walikuwa mafundi wa mtandao hapa Ifakara, na watu hawakuzoea kuwaita mmojammoja. Mwenye ofisi akitaka kuunganishiwa kompyuta zake alisema, "Niitieni wale wawili." Walikuja kwa pikipiki moja, Sylvanus mbele, Marsiana nyuma na mfuko wa vifaa mapajani.

Walikutana chuo cha ufundi Morogoro, wakaoana, wakaja kujenga huku Lipangalala, nyumba ya pili kutoka kwangu. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo niliwaona wakitoka asubuhi na kurudi jioni, na nilisikia mengi ya kazi yao kuliko nilivyohitaji kusikia.

Kazi yao kubwa ilikuwa kufunga raki. Raki ni kabati la chuma, refu kama mtu mzima, ambalo ndani yake hupangwa mashine zinazogawa mtandao kwenye jengo zima. Kuifunga kunataka watu wawili. Inasimamishwa kwanza na kukazwa sakafuni kwa bolti, ili isije ikamwangukia mtu. Mashine nzito inawekwa chini kabisa, nyepesi juu. Mmoja anashikilia mashine kwa mikono miwili na mwenzake anakaza skrubu. Marsiana ndiye aliyekuwa akikaza, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyembamba, na Sylvanus alishikilia huku akilalamika kwamba mke wake anachelewa makusudi ili amkomoe. Walicheka sana wale watu. Niseme hivyo, maana aliyemfahamu Marsiana baadaye hawezi kuamini.

Masika ya mwaka ule walipata kazi kwenye shule ya bweni ya wasichana, njia ya kwenda Kiberege. Siku ya kwanza walikwenda wote wakaifunga raki na kupanga mashine. Ilibaki kufunga mashine moja, kuunganisha umeme na kuziwasha. Usiku huo mtoto wao Ignas akapandisha homa, na asubuhi Marsiana akampeleka hospitali, akalazwa. Ilikuwa malaria. Sylvanus alipita kuwaona, akamwambia mwanawe atamletea muwa, akaenda shuleni peke yake.

Yaliyotokea huko tuliyajua kipande kwa kipande. Sylvanus alimwarifu mkuu wa shule, Madam Amira, kwamba anazima umeme wa jengo lote la madarasa pamoja na jiko. Akazima swichi kuu. Akapima nyaya kwa tesita yake, akaona hazina umeme. Alifanya kila alichofundishwa. Kisha akaingia chumba cha kompyuta, akapiga magoti nyuma ya raki, akaanza kuunganisha.

Nyuma ya jiko la shule kulikuwa na jenereta ya kuvutia maji kisimani. Mwaka uliotangulia, umeme ulipokuwa ukikatika mara kwa mara, fundi mmoja aliyepita alivuta waya kutoka kwenye jenereta ile hadi jengo la madarasa, wasichana wapate kusoma jioni. Hakuweka swichi ya kuutenganisha umeme wa jenereta na ule wa gridi ya taifa. Aliuchomeka waya mle ndani, baada ya swichi kuu, hata kuizima swichi hiyo kusiuzuie umeme wa jenereta, akaenda zake. Madam Amira alikuwa hajahamia bado. Hakuna aliyemwambia Sylvanus, kwa sababu hakuna aliyekumbuka.

Mwenye kuendesha jenereta alikuwa Mzee Teofili, mtu wa Lupiro, ng'ambo ya mto, aliyefanya kazi pale tangu shule ilipojengwa. Mpishi alimwambia tangi limekauka. Mzee Teofili akatazama taa ya jikoni, akaona haiwaki, akadhani umeme umekatika kama ulivyozoea. Akaenda nyuma ya jiko, akavuta kamba ya jenereta, ikanguruma.

Marsiana alikuwa wodini akimpozea Ignas uji. Simu ikaita, akaona jina la mumewe, akaipokea akiwa anacheka, maana alikuwa na neno la kumtania. Akasikia sauti ya mwanamke. Ilikuwa ya Madam Amira, ikimuuliza, "Mama, wewe ni nani wake?"  Marsiana aliweka bakuli chini, akamfuta mtoto mdomo.

Walimleta hospitali ileile. Kwa hiyo mama yule alikuwa na mtoto wodini na mume chumba cha maiti, na katikati kuna ua ambao mtu anauvuka kwa miguu. Niliuvuka naye. Kwenye mfuko wa pikipiki walikuta muwa umekatwa vipande, umefungwa kwenye gazeti. Mtu fulani, kwa wema tu, akampa Ignas, naye akala akauliza baba yuko wapi.

Msibani Marsiana hakulia. Wanawake walisema amepigwa na butwaa, wengine walisema ana moyo mgumu. Mama mkwe wake, Mama Digna, ndiye aliyelia kwa niaba ya wote wawili. Siku ya mazishi mzee mmoja alisimama barabarani na baiskeli yake, kofia mkononi, asisogee karibu. Vijana wa ukoo walipojua ni nani walitaka kumfukuza. Mapadri waliwazuia. Polisi walikuwa wamemshika Mzee Teofili, wakamhoji, wakamwachia. Hawakuona kosa lake. Yeye alikuwa ameliona.

Raki ilibaki vilevile. Madam Amira alimleta fundi kutoka Morogoro, naye aliposikia habari alichungulia mlangoni, akasema atarudi, hakurudi. Hapo Marsiana akasema atakwenda kuimaliza mwenyewe.

Mama Digna alipiga marufuku. Nilikuwepo, tulikuwa tunachambua mchele. Alimwambia, "Mama Ignas, chuma kile kimekula mtu. Kiache kioze."

"Mama, chuma hakijamla mtu," Marsiana alisema. "Ule waya bado upo palepale. Na mle ndani wanasoma watoto wa watu."

 Mama Digna aliendelea kupepeta, na nilipomtazama machozi yalikuwa yanadondokea kwenye ungo.

Marsiana alihitaji mtu wa kushikilia. Aliniomba mimi. Nilimwambia sijui lolote la umeme, akasema hataki nijue, anataka nisiguse kitu mpaka aniambie. Tukaenda.

Chumba kile kilikuwa kimefungwa tangu siku ile. Madam Amira alitufungulia akabaki nje, akifinya ncha ya mtandio wake. Raki ilisimama peke yake, mlango wazi. Sakafuni palikuwa na kipande cha boksi, na juu yake Sylvanus alikuwa amezipanga skrubu kwa mistari, nne nne, kama mtu anayecheza bao. Marsiana aliziona, akakaa chini kando yake. Nilikaa naye. Wasichana walipita dirishani kimya, wamevua viatu wasitoe kishindo.

Aliposimama hakwenda kwenye raki. Alimwambia Madam Amira ampeleke kwenye jenereta.

Mzee Teofili alikuwa huko, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Tangu siku ile hakuiwasha tena, wala hakuna aliyethubutu kumwambia aiwashe, na wasichana walikuwa wakiteka maji kwa ndoo na kamba. Alipotuona alisimama. Hakuhitaji kuambiwa ni nani.

"Shikamoo, baba," Marsiana alimwamkia.

"Usiniamkie, mwanangu. Mimi ndiye."

"Najua ni wewe. Nionyeshe waya unapita wapi."

Akatuonyesha. Ulitoka kwenye jenereta, ukapita juu ya paa la jiko, ukaingia darini kwenye jengo la madarasa. Ulikuwa waya mweupe wa kawaida, kama ule wa pasi. Marsiana aliufuata kwa macho mwanzo hadi mwisho, halafu akarudi kuufuata tena. Akazima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli alilokuja nalo, ufunguo akautia shingoni. Akapima. Akaukata waya ule upande wa jenereta, akapanda ngazi akautoa na upande wa darini, akauvuta wote chini. Mzee Teofili aliukusanya akauzungusha mkononi, taratibu, kama mtu anayekunja kamba ya mbuzi, halafu hakujua auweke wapi. Marsiana aliuchukua akautia kwenye mfuko wetu.

Alimwambia Madam Amira kwamba jenereta isiunganishwe tena na jengo mpaka aje fundi wa umeme mwenye leseni aweke swichi ya kutenganisha, na Madam akaahidi. Kisha akamgeukia Mzee Teofili, akamwomba akasimame mbele ya swichi kuu, mtu yeyote asiisogelee mpaka yeye mwenyewe aje kuiwasha kwa mkono wake.

Mzee aliuliza, "Unaniweka mimi pale?"

Marsiana aliushika ufunguo shingoni. Nilidhani atabadili mawazo.

"Hapa shuleni," alisema, "hakuna anayejua kama wewe kitakachotokea."

Basi mzee akaenda akasimama, mgongo kwenye sanduku la swichi, kofia mkononi kama siku ya mazishi.

Tuliingia kazini. Alipima tena, ingawa alikuwa ametoka kupima. Akaijaribu raki kwa kuisukuma, haikutikisika. Akaanza na waya wa kijani na njano, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja. Alisema huo ndio unaotangulia kufungwa na ndio unaotoka mwisho. Ncha moja ilikuwa imeshakazwa. Sylvanus alikuwa amefika hapo. Marsiana aliishika nati ile kwa vidole, akaona imekaza sawasawa, akaiacha. Akakaza ya upande wa pili. Kulikuwa na mashine moja iliyobaki kwenye boksi lake, akanipa niishikilie, nami mikono ikaniuma, nikamwambia afanye haraka. Alisita. Nadhani ni lile neno, ambalo mumewe alizoea kumwambia. Nilijuta kulisema, lakini aliendelea kukaza skrubu zilezile zilizokuwa juu ya kipande cha boksi, moja moja, mpaka zikaisha.

Alihakikisha swichi za mashine zote zimezimwa. Akanitoa chumbani, akawatoa na wasichana waliokuwa kwenye korido. Akatazama nyuma ya raki na chini ya meza kuona kama kuna mtu, ilhali alijua hakuna. Ndipo akaenda kwa Mzee Teofili, akafungua kufuli kwa mkono wake na kuwasha.

Kurudi ndani alipima umeme unaoingia, akaona uko sawa. Akawasha kwanza ile mashine nzito ya chini, yenye betri ya akiba, akangoja. Alisikiliza. Alinusa. Akawasha iliyofuata, akangoja tena. Hivyo hivyo akapanda kwenda juu, na taa ndogo za kijani zikaanza kumetameta kwenye chuma, safu kwa safu. Nje, wasichana walipoziona dirishani mmoja alipiga makofi, wenzake wakamnyamazisha.

Marsiana aliweka paji la uso kwenye fremu ya raki akalia. Kilio ambacho tulikingojea msibani kilikuja pale, mbele ya mashine zinazovuma. Alilia kwa sauti, akimwita mumewe jina lake la nyumbani, ambalo sitaliandika. Sikujua la kufanya. Niliokota bisibisi nikaziweka mfukoni, nikazitoa, nikaziweka tena.

Tulipotoka, Mzee Teofili alikuwa bado amesimama mbele ya swichi. Hakuna aliyemwambia kazi imekwisha. Marsiana alikwenda akamwambia, "Baba, tumemaliza. Unaweza kwenda." Hapo ndipo aliposogea.

Mwezi uliofuata mzee aliacha kazi akarudi kwao Lupiro. Marsiana aliendelea na kazi yake. Mabinti wawili waliotoka chuo humfuata sasa, nao humwogopa, kwa kuwa hamruhusu yeyote kugusa waya kabla yeye mwenyewe hajalizunguka jengo zima na kuuliza kila mtu, mpishi, mlinzi, mfagizi, kama kuna umeme mwingine unaotoka popote. Wenye ofisi wengine huchoshwa na maswali yake. Yeye huuliza tu.

Baada ya mavuno alivuka daraja na Ignas kwenda Lupiro. Hakumwambia Mama Digna. Alimkuta Mzee Teofili amekonda. Wanawe walikuwa wamemwingizia umeme nyumbani, lakini yeye hagusi swichi. Wajukuu ndio huwasha taa, na wasipokuwepo hukaa gizani mpaka warudi. Waliwapikia wali na samaki, perege. Mzee alimuuliza mtoto jina lake, akaambiwa, akalirudia kwa sauti ndogo.

Marsiana alikuwa na jambo moja la kuuliza. Alikuwa amesikia kwamba Mzee Teofili ndiye aliyefika wa kwanza, aliposikia ukelele akazima jenereta na kukimbia, na kwamba ndiye aliyemwinua Sylvanus kichwa akakiweka mapajani. Alimngoja Ignas atoke kucheza na wenzake, ndipo akamuuliza kama mumewe alisema neno lolote.



"Hakusema kitu, mwanangu," alijibu. "Nilifikiria nikudanganye. Siku zote hizi nimekuwa nikitafuta neno la kukupa. Hakusema kitu."

Marsiana alinisimulia hayo amekaa barazani kwangu, akingoja nimalize kupinda suruali ya shule ya Ignas. Nilimuuliza kama jibu lile lilimsaidia. Akasema halikumsaidia. Akaichukua suruali, akaikagua mishono, akanishukuru, akaenda kumpikia mtoto.