Kushika Waya wa Njano

Mama yangu aliifunga mashine ya michezo ya kaka yangu katika kitenge kizima, kitenge ambacho mimi nilikuwa nimekiomba nishone nguo akaninyima. Ilikaa juu ya kabati lake miaka ishirini na kitu. Daftari zangu za shule, zile zenye alama nzuri, aliwashia mbabula, jiko letu la makaa. Sitafuti huruma ya mtu, nasema ilivyokuwa.

Mashine hiyo ilitoka Amerika. Mdogo wake baba aliileta pamoja na transfo, kisanduku kizito cha kupunguza umeme, kwa kuwa mashine za kule haziwezi kumeza umeme wetu wote. Alisema ni ya watoto. Watoto maana yake kaka yangu na wenzake wa avenyu yetu. Mimi, niliyemfuata kwa miaka miwili tu, sikuwa hata kwenye foleni ya kucheza. Nilikuwa na kazi yangu: tundu la njano la televisheni yetu lilikuwa limelegea, na waya ukiachiwa picha inapotea. Kwa hiyo nilisimama nyuma ya televisheni, mgongo ukutani, nikaushika waya kwa vidole viwili.

"Usiachie!" kaka alikuwa akipiga kelele. "Ukiachia, hautakula leo!"

Sikuwahi kuuona mchezo wenyewe. Niliona sura zao tu, midomo wazi, macho yanang'aa, na Mama akipita na sahani ya karanga ambayo haikufika nyuma kule. Nilimwonea kaka wivu. Nikikumbuka, namwonea bado.

Kaka alienda Kanada, akaoa, akazaa. Mimi nilibaki Bukavu na Mama: hospitali ni mimi, maji yakikatika ni mimi, misa ya kwanza ya Jumapili kumshika mkono kwenye matope ni mimi. Mwaka jana kaka akapiga simu kwamba anakuja, baada ya miaka kumi na miwili bila kukanyaga nyumbani. Kuanzia siku hiyo nyumba haikuwa yangu tena. Hata televisheni bapa niliyonunua mimi, kwa jasho langu, Mama aliwaambia majirani ni ya kumpokea mtoto wake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu alizidi kuugua.

Kisha Mama akapanda kiti, akashusha kitenge na kukifungua mbele yangu.

"Uiunganishe ku ile tele mupya. Yaya yako akifika, aikute inatembea." Kwetu yaya ni ndugu yako mkubwa, na kitu kinachofanya kazi tunasema kinatembea.

Televisheni mpya haikuwa na matundu matatu ya rangi nyekundu, nyeupe na njano. Nyuma yake kulikuwa laini, na vitundu bapa viwili pembeni. Nilienda soko la Kadutu na waya zangu mkononi, muuzaji mmoja akanipa kiboksi kidogo cheusi.

"Maman, iyi inafanya yote," akaniapia.

Haikufanya chochote. Televisheni iliandika kwa Kifaransa kwamba hakuna kinachoingia. Niliporudi sokoni, muuzaji wa meza ya pili akakigeuza kiboksi na kucheka. Kilikuwa cha kutoa picha kwenye mashine mpya kuipeleka kwenye televisheni ya zamani, na mimi nilitaka kinyume.

"Njia yake iko moja tu, maman. Hairudiake."

Nilipata cha pili. Hicho nacho kilitaka umeme wake wenyewe, nikakilisha kwa chaja ya simu. Halafu ikabidi niiambie televisheni, kwa rimoti, itazame tundu gani. Picha ikaja imevutwa pembeni, watu wote wamenenepa ghafla, nikatafuta tena mpaka nikairudisha kuwa mraba. Siku tatu hizo. Ya tatu, saa nane mchana, muziki wa mashine ukalia sebuleni, na kwa mara ya kwanza maishani nikauona ule mchezo kwa mbele. Nilimwita Mama.

Alipiga makofi. "Mungu wangu! Mutoto yangu atafurahi, atafurahi sana!"

Nilisimama pale na rimoti, nikingoja. Neno moja tu lingetosha. Akatoka kumwambia jirani, na kutoka kwa jirani akapitiliza parokiani kwenye mazoezi ya kwaya.

Ningependa kusema nilisahau transfo. Sikusahau. Nilichomoa mashine kwenye transfo, nikaichomeka moja kwa moja ukutani. Ilitoa mlio mdogo, ukafuata moshi, kisha harufu ya plastiki. Ndipo nikafungua madirisha.

Kwetu umeme hubeba dhambi za watu wote. Nyama ikioza, sare ikiungua pasi, mtu akichelewa kazini, jibu ni courant. Mama aliporudi nilimwambia hivyo: courant ilikuja na nguvu. Aliitazama mashine, akaitazama televisheni, akaingia jikoni akafungua frigo, jokofu letu, na kuifunga. "Pole," akasema. Akaifunga tena mashine katika kitenge.

Kaka alifika kwa njia ya Kigali, akavuka daraja la Ruzizi kwa miguu na sanduku lake, amenenepa, ana mvi. Hata hakukaa vizuri.

"Maman, mashine yangu iko wapi? Niliambia watoto kama nitawapigia picha nikiwa naichezea."

Nilikaza macho sakafuni.

"Courant iliiunguza, baba," Mama akasema. "Siku ile ilikuja mubaya sana. Hata kwa jirani iliunguza radio."

Hakuna radio ya jirani iliyoungua. Kaka alisema si kitu, ni Bukavu, akacheka kidogo. Kisha akainama, mikono katikati ya magoti, na nikaona jinsi alivyoumia. Nilifurahi, lakini furaha hiyo haikudumu hata kidogo.

Nilimfuata Mama jikoni, alikuwa akipakua sombe, kisamvu chetu. Hakugeuka.

"Courant yetu iko na akili," akasema polepole. "Iliacha tele. Iliacha frigo. Ikachagua kitu ya yaya yako."

Nilimwuliza alijua tangu lini.

"Tangu nilifungua frigo nikakuta inatembea." Akafunika chungu. "Ule ni mutoto yangu wa kwanza. Sijamudanganyaka hata siku moja, hata baba yake alipokuwa anakufa. Leo nimemudanganya, kwa ajili yako."

Mama akachukua sahani ya kaka, ile yenye nyama nyingi, akaipeleka sebuleni. Nilibaki jikoni na aibu yangu, nikiitazama sahani yangu, na Mungu anisamehe, nilihesabu vipande vya nyama.