Chai Nje ya Lango

Tulitoka Singida kwa basi, tukavuka mpaka Namanga, tukalala Nairobi, kisha tukapita Garissa na mchanga wake hadi Wajir, miguu imekufa ganzi. Tulikuwa wanakwaya tuliokuja kuhubiri kwa wiki mbili. Mchungaji mwenyeji akafunga lango la kanisa nyuma yetu, akasema kwa usalama wetu hakuna kutoka.

Mimi tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kutulia mahali pamoja. Nilizunguka ua ule kama mbuzi aliyefungwa kambani, jioni nikiwaimbia waumini wale wale, walimu na askari waliohamia kutoka sehemu nyingine za Kenya. Mwenyeji wa mji niliyeongea naye ni mmoja tu, jamaa mwenye ndevu za hina aliyeleta maji kwa mkokoteni wa punda.

"Walaal, mumefungwa kosa gani?" aliniuliza, akiniita ndugu kwa Kisomali.

"Tumekuja kuhubiri."

"Kuhubiria nani? Hii kuku?"

Kila asubuhi alinikaribisha chai kwake, nyumba ya pili kutoka ukutani. Kila asubuhi mchungaji alikataa.

Siku ya kuondoka, gari letu lilipotoka langoni lilimkuta punda amesimama katikati ya njia. Jamaa alikuwa ameshika chupa ya chai.

"Mgeni haendi bila chai," alisema.

Nilishuka bila kuomba ruhusa. Mchungaji aliniita, dereva akapiga honi. Nilikunywa polepole, maziwa ya ngamia yakinukia moshi, nimesimama kwenye mchanga wa nje. Kisha nikapanda, na Wajir sijarudi tena.