Tarehe Nane Mei Iliyogeuka Tano Agosti

Saa nne kasorobo asubuhi, Dorine Cheptoo anapiga simu ya ishirini na moja tangu afungue ofisi yake mjini Kericho.

"Mzee, ng'ombe wako alipandishwa mbegu lini? Ni mwezi wa tisa ama wa kumi na mbili?"

"Niko kwa majani ya chai, madam," anajibu mkulima wa upande wa Bomet. "Ngoja niulize mama."

Dakika sita zinapita. Mama naye hakumbuki. Dorine anachora alama ya kuuliza kwenye daftari na kusugua macho.

"Watu wanadhani kazi ya kompyuta ni kuandika programu," anasema. "Mimi tangu Machi kazi yangu ni kuuliza wazee ng'ombe alipandishwa lini."

Dorine, mwenye umri wa miaka 29, ndiye mtunza programu wa kampuni ndogo inayowapandishia wakulima ng'ombe wao kwa mbegu za fahali, bila fahali mwenyewe. Mhudumu akimaliza kazi bomani, huingiza tarehe kwenye simu. Mfumo huongeza siku 280, kisha humtumia mkulima ujumbe wa siku ya kuzaa.

Shida ilianza pale wahudumu walipopewa simu mpya. Baadhi yazo zilitanguliza mwezi kabla ya siku. Aliyeunda mfumo, ambaye alishaondoka, alikuwa amehifadhi tarehe kama maneno ya kawaida, jinsi mtu anavyoandika jina. Kompyuta ilipokea 05/08 bila swali, kisha ikaisoma kama tano Agosti. Mhudumu alikuwa amemaanisha nane Mei.

"Kumi na tano Machi haina ubishi, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tano," anaeleza. "Lakini siku ikiwa kumi na mbili kurudi chini, utajuaje? Kompyuta haijui. Mimi pia sijui."

Aligundua kasoro hiyo Novemba na kumwandikia meneja wake, Nyagaka, mara tatu, akiomba wiki mbili za kurekebisha.

"Aliniambia, 'Dorine, si ni tarehe tu? Wakulima wanataka vitu vipya.' Nikaambiwa nitengeneze ukurasa wa picha. Nami nikautengeneza. Hiyo siwezi kumwekea yeye peke yake."

Februari, Mwalimu Waringa alifika ofisini. Ni mwalimu mstaafu anayeishi nje kidogo ya soko la Roret, na alikuwa na mtamba mmoja tu, ng'ombe wake wa kwanza maishani. Hakuketi. Aliweka mezani kadi aliyoachiwa na mhudumu.

"Soma hapo, msichana wangu. Kwa sauti."

Dorine akasoma: tarehe nane, mwezi wa tano. Kwenye kompyuta palikuwa na tano Agosti.

Ujumbe ulikuwa umemwambia mwalimu asubiri Mei kumi na mbili. Ng'ombe alizaa Februari kumi na mbili, peke yake, mwalimu akiwa mazishini Nakuru. Ndama alikuwa amekaa vibaya tumboni. Jirani alipofika asubuhi, ndama alikuwa amekufa na mama yake hawezi kusimama.

"Niliona tumbo limekuwa kubwa," Waringa anasimulia kwa simu. "Lakini ujumbe ulisema Mei. Nikajiambia, mimi nimefundisha watoto, ng'ombe sijui. Hao ndio wanajua."

Ng'ombe alipona baada ya siku nne. Waringa hakudai fidia. Aliuliza swali moja tu: ni wangapi wengine?

Dorine alihesabu siku hiyo hiyo. Rekodi 2,318 zilitoka kwenye simu zile. Kati yazo, 841 hazikuweza kujulikana siku ni ipi na mwezi ni upi. Safari hii Nyagaka alimpa muda bila kubishana. Hata yeye hupiga simu siku za Ijumaa.

Kuzuia makosa mapya kulichukua siku tatu. Sasa mhudumu huchagua mwezi kwa jina, na hifadhidata hupokea tarehe halisi pekee, isiyo na saa. Hilo la saa nalo lilimchosha. Sava yao iko ng'ambo, saa tatu nyuma ya Kenya, na tarehe iliyohifadhiwa kama usiku wa manane wa Kericho ilisomeka kule kama ya jana yake.

"Tarehe si saa. Nimesema hivyo hadi koo limekauka."

Ya zamani ndiyo hayarekebishiki kwa programu. Ni kadi zilizolowa mvua, wahudumu walioacha kazi, na simu zisizopatikana. Zimebaki rekodi 193. Wenye rekodi hizo wametumiwa ujumbe kwamba tarehe yao haiaminiki na wamwite daktari wa mifugo akapime mimba.

Aprili ishirini, ng'ombe wa Waringa alipandishwa tena. Mwalimu amekataa ujumbe wa kampuni. Badala yake hujihesabia kwenye kalenda ya ukutani, kisha humpigia Dorine kulinganisha. Wote wawili wamepata Januari ishirini na tano.

Dorine ameomba likizo kuanzia tarehe ishirini na moja hadi mwisho wa mwezi huo. Hajawahi kuona ng'ombe akizaa.

"Nitalala kwa mwalimu hadi ng'ombe azae," anasema, akibonyeza namba ya mkulima anayefuata. "Hiyo moja nataka kuiona kwa macho yangu."