Mama Giza, fundi asiyemuuzia projekta mteja aliyekuja peke yake

Saa tatu na nusu asubuhi, nje jua tayari linachoma, Mama Giza anavuta pazia jeusi na kulibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Chumba kinakuwa cheusi tii. Anahesabu kimoyomoyo hadi mia moja ili macho yazoee, kisha anawasha projekta mbili zilizokaa bega kwa bega kwenye rafu moja.

Ya kulia ni ya leza. Ya kushoto ni ya LED. Zote mbili hazina ile taa ya kioo ya zamani, iliyokuwa ikiungua na kubadilishwa. Ukutani zinatokea picha mbili zinazofanana: maandishi meupe yanayopita polepole kwenye weusi.

Mlangoni amesimama mteja wa kwanza, mwanamume wa makamo mwenye karatasi za matangazo mkononi. Ameshasoma kila kitu. Anataka leza.

"Nyumbani mtaangalia wangapi?" Mama Giza anamuuliza.

"Mimi na mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Kazini."

"Basi njoo naye Jumamosi."

"Mama, nimekuja na hela mkononi, unanifukuza?"

"Sikufukuzi, baba. Macho yako nimeshayaona. Ya kwake siyajui."

Mwanamume anaondoka akitikisa kichwa. Dada wa kaunta, ambaye ndiye aliyembatiza fundi huyu jina la Mama Giza, anachungulia ndani. "Huyu mama atatufungisha duka," anasema.

"Ningekuwa Mama Taa ungenipenda zaidi," fundi anamjibu. "Lakini taa zenyewe ndiyo hizo zimekwisha."

Ana umri wa miaka hamsini na saba. Ni mjane, na amefanya kazi katika chumba hiki cha nyuma ya duka la vifaa vya umeme kwa miaka kumi na moja. Kabla ya hapo alikuwa akizunguka na mkoba, akibadilisha taa za projekta mashuleni, kwenye kumbi na majumbani kwa watu.

Taa moja ilidumu kama saa elfu tatu. Kwa familia inayoangalia filamu kila jioni, hiyo ni miaka miwili au mitatu hivi. Picha ilianza kufifia, kisha siku moja taa inakata roho katikati ya filamu, na simu ya Mama Giza inaita.

"Wateja wangu walifika mia mbili," anasema. "Kila wiki nilikuwa nyumbani kwa mtu. Nimewaona watoto wao wakiota meno, na wengine wakiota ndevu. Nikifika wananiambia, kaa kwanza, taa haikimbii."

Leza inakwenda saa elfu ishirini. Kwa saa tatu kila siku, hiyo ni miaka kumi na minane. LED inaweza kufika elfu thelathini. Mama Giza anazitaja hesabu hizi kwa wateja kila siku, na ni kweli kwamba ni habari njema kwao.

"Mteja wa sasa nikimuaga, nimemuaga moja kwa moja," anasema. "Hakiungui kitu. Hana cha kumrudisha kwangu. Hiyo mashine ndiyo itakuja kunizika mimi."

Zipo siku ambazo chumba hakiingii mtu tangu asubuhi hadi saa saba. Anakunywa chai yake gizani. Mashine moja anaiacha imewaka, sauti ikiwa chini, ili pawe na watu wanaotembea ukutani. Mwenye duka alipolalamikia umeme, alimwambia anaipasha moto. Mwenye duka anajua kwamba leza haipashwi moto, akamwacha.

Sharti lake la kutokuja peke yako lilitokana na kosa lake mwenyewe.

Miaka minne iliyopita alimuuzia leza dereva mmoja mstaafu. Mzee alikuja peke yake. Walikaa saa nzima wakilinganisha. LED ilikuwa na picha laini, lakini mwanga wake ulikuwa hafifu mara pazia lilipofunguliwa kidogo. Leza ilistahimili mwanga, rangi zikabaki zimekolea. Mzee aliipenda, naye fundi aliipenda. Alipanda ngazi mwenyewe kwenda kuifunga darini.

Baada ya miezi saba mzee alipiga simu kwamba picha imekaa upande. Mama Giza akafurahi kama zamani, akabeba mkoba. Alimkuta mzee sebuleni mbele ya filamu, na mkewe amekaa kwenye kiti cha jikoni, mlango wazi, ameipa picha mgongo.

"Bibi, huangalii?"

"Nasikiliza, mwanangu. Sauti inanitosha."

Mzee akacheka, lakini kicheko hakikuwa cha furaha. "Huyo amenichoka mimi. Tangu nilete hii kitu hajakaa nami hata siku moja."

Mama Giza alimfuata bibi jikoni, akamuuliza kwa sauti ya chini anaona nini akitazama. Bibi alichungulia sebuleni kwanza. Kisha akasema kwamba kila akigeuza macho, rangi zinamrukia. Nyekundu, kijani, bluu, kama kitambaa kinachopeperushwa. Kichwa kinamgonga hadi asubuhi. Hakutaka kusema, kwa sababu mume wake alikuwa ameweka akiba ya miaka mitatu kwa ajili ya mashine ile.

Ndani ya leza ya aina ile kuna gurudumu dogo la rangi linalozunguka kwa kasi. Watu wengi hawalioni. Wachache, kila wakihamisha macho upesi, wanaona rangi zimeachana. LED nyingi hazina gurudumu. Rangi zinapokezana kwa kasi kubwa zaidi, na wengi wa hao wachache hupata nafuu.

"Mimi siyaoni hayo," anasema Mama Giza. "Nilimpimia bibi kwa macho yangu. Miezi saba mzee wa watu anakaa peke yake akidhani amechokwa, na kosa ni langu."

Aliibadilisha mashine, akawapa LED bila kuomba ruhusa ya mwenye duka. Tangu siku hiyo, kila mteja lazima alete atakaoangalia nao. Anawaketisha, anawaambia wahamishe macho upesi kutoka kona hadi kona juu ya yale maandishi meupe, na anamuuliza kila mmoja kwa zamu, akianza na aliyekaa kimya zaidi.

Mwezi huu chumba kinafungwa. Watu wananunua kwa simu siku hizi, na mwenye duka anataka kukifanya stoo ya maboksi. Mama Giza atahamia kaunta. Kwa heshima ya miaka yake, ameambiwa achukue mashine moja kati ya hizo mbili za maonyesho, bure. Nyingine inauzwa Ijumaa.

Fundi huyu hajawahi kuwa na projekta nyumbani. Leza peke yake ni mshahara wake wa miezi saba. Na sasa mtu aliyewachagulia mamia alishindwa kujichagulia.

Ana mtoto mmoja tu, wa kiume, anayeishi mbali, safari ya siku moja na usiku mzima kwa basi. Mjukuu ana miaka saba. Mama Giza alimshika akiwa mchanga. Tangu hapo wanaonana kwenye simu. Mara mbili familia ilipanga kuja likizo, mara mbili ikaahirisha. Sababu hazikueleweka. Mama Giza alianza kuamini kwamba mkwe wake hataki kuja.

Sebule yake inatazama barabara yenye taa kali. Kwa chumba hicho, leza ingefaa. Lakini hakuwa anachagua kwa ajili ya chumba. Jumatano mchana alimpigia mwanawe.

"Mama, chukua yoyote tu."

"Yoyote ni neno la mtu asiyekuja."

Mama Giza akabadili swali.

"Nakuuliza kitu cha kazi, mwanangu. Macho ya mkeo yakoje?"

"Ngoja, mama." Kisha simu ikabadilisha mikono, na mkwe wake mwenyewe akazungumza.

Ana kipandauso, alisema, tangu alipojifungua. Mwanga unaocheza unamwangusha. Usiku ndani ya basi, taa za magari yanayokuja zikimpiga usoni kwa saa nane mfululizo, akishuka hajiwezi kwa siku mbili. Aliwahi kujaribu safari fupi, akatapika njia nzima mbele ya mtoto. Alimkataza mumewe kusema. Hakutaka mama mkwe amwone mgonjwa, amhesabu mzigo.

"Na mimi huku nikamhesabu mwenye maringo," anasema Mama Giza. "Kazi yangu ni kuuliza watu wanaona nini. Yeye sikuwahi kumuuliza."

Alhamisi alimjulisha mwenye duka kwamba anachukua LED. Leza ina kilo tisa, na dereva wa basi angeitupa chini kwenye buti pamoja na magunia. LED ina kilo mbili. Itakaa mapajani mwake siku nzima na usiku mzima. Kwa sababu ni yeye atakayesafiri. Ameomba likizo ya wiki tatu, ya kwanza tangu amzike mumewe, na tiketi ameshaikata.

Hana uhakika kwamba itamfaa mkwe wake. LED humpunguzia mtu rangi zinazomrukia, haiahidi kuziondoa, na kipandauso ni jambo jingine kabisa. Amepanga kuanza kwa dakika tano, mwanga ukiwa umepunguzwa, mtoto katikati yao. Ikishindikana, anasema, wataizima na kukaa hivyo hivyo. Safari haikuwa ya projekta.

"Nimemwomba kitu kimoja," anasema. "Akiona chochote kinamruka, aseme pale pale, asininyamazie."

"Akajibuje?" dada wa kaunta anamuuliza.

"Akasema, 'Nitasema, mama. Na wewe ukichoka kukaa na sisi, useme.'"